Vocha ya Mama Zaituni

Singida mjini, Jumapili alasiri

Debora mwanangu,

Habari sikuulizi. Shikamoo yako niliipokea asubuhi, na chai niliyokunywa uliipika wewe. Saa hizi wewe na mama yako mko Mtinko kumuaga bibi, na najua hamtarudi kabla ya magharibi, maana bibi yako hamwachi mtu aondoke kwake hajala. Nina alasiri nzima na daftari la kurasa nyingi. Mambo ya nguo, ya chakula na ya watu wa kuwaepuka Dar es Salaam utaambiwa na mama yako, naye anayajua kuliko mimi. Mimi nataka kukueleza kwa nini niliacha chakula mezani siku ile.

Unaikumbuka. Wiki mbili zilizopita, barua yako ya kazi ilikuwa imefika siku hiyo hiyo, na ndani yake benki ilikuwa imeweka karatasi nyingine ya kukuzoesha kazi. Ulikuwa na furaha hata mboga hukuigusa. Ulisema, "Baba, sikiliza. Huu unaitwa mwelekeo wa soko la fedha." Ukatueleza kwamba benki yenu, moja ya hizi za watu binafsi zilizoruhusiwa siku hizi, inanunua dhamana za serikali kwenye mnada.

Mama yako akauliza, "Mnada kama wa ng'ombe?"

Ukacheka. "Kama wa ng'ombe, mama, ila kinachouzwa ni ahadi. Serikali inasema nipe hela leo, baada ya miezi mitatu nitakurudishia zaidi. Sisi tunataja bei tunayoitaka. Ikiwa na shida sana, tunainunua ahadi yake kwa bei rahisi."

Kisha ukasoma, kwa sauti ya kusomea wageni: hali ya fedha za serikali inatarajiwa kuimarika, hata hivyo upungufu uliopo kwa sasa unatoa nafasi nzuri kwa wawekezaji.

Hapo ndipo nilipoweka tonge chini nikatoka. Ulinifuata mpaka bandani kwa kuku ukaniuliza, "Baba, nimekukosea?" Nikakujibu ni tumbo. Haikuwa tumbo. Nilisikia kinyaa, kinyaa cha kweli kinachojaza mate mdomoni, na wewe hukuwa na kosa lolote. Sentensi ile niliijua. Niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, miaka mingi, nikaipiga muhuri.

Unajua nilikuwa mhasibu serikalini, lakini hujui nilifanya nini. Wilaya yenyewe unaijua, hapa sitaiandika, kwa sababu wapo waliobaki pale na wengine ni watu wazuri. Niliingia ofisi ya fedha kama karani wa malipo, kijana wa shati jeupe, na kwa baba yangu Mtinko nilikuwa kama mbunge. Mtu akiwa na swali juu ya mbolea, juu ya shule, juu ya kesi ya mpaka, anaambiwa subiri kijana wa mzee aje Jumamosi.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Baba yangu, babu yako usiyemkumbuka, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na alikuwa anawaangalia wakikonda. Nilifika Jumamosi nikamwambia auze tisa, hela aweke benki.

"Benki wanazilisha nini?" aliniuliza.

Nikacheka, mimi msomi. "Hazihitaji kulishwa, baba. Ng'ombe anakufa kwa ukame. Hela ya serikali haifi."

Hakuwa mjinga. Aliuza kwa sababu nilikuwa mwanawe na nilikuwa nimevaa lile shati. Nilimpeleka benki mwenyewe, akaweka dole gumba, akapewa kitabu cha akiba. Alikifunga kwenye kitambaa na kukitia ndani ya kibuyu ambacho zamani alikuwa anawekea samli.

Miaka miwili baadaye nilipelekwa kozi. Huko ndiko nilikofundishwa namna serikali inavyojaza shimo la bajeti. Makusanyo hayatoshi, matumizi hayapungui, basi Benki Kuu inaambiwa iandike hela, nayo inaandika. Hela inakuwepo kwa sababu imeandikwa. Bidhaa hazijaongezeka hata sabuni moja. Mkufunzi alituchorea ubaoni mshale wa bei unaopanda, na mimi katikati ya darasa nikakiona kile kibuyu cha samli na kitabu kinachoyeyuka ndani yake.

Ningeweza kwenda Mtinko Jumamosi iliyofuata nikamwambia, baba, nilikosea, toa hela yako, nunua hata mbuzi. Sikwenda. Nilikuwa tayari ni mtu anayejua mambo, na mtu anayejua mambo anaona tabu sana kusema alikosea. Nilikaa kimya mwaka mmoja, halafu wa pili. Kisha redio ikatangaza kwamba thamani ya shilingi imeteremshwa, na baada ya hapo ikateremshwa tena, na tena, mpaka watu wakaacha kushangaa.

Babu yako alizifuata hela zake wakati baba yako mdogo alipotaka kuoa. Benki walimpa zote, na riba juu. Hesabu ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, niliihakiki mwenyewe. Akaenda nazo mnadani, mimi nikiwa nyuma yake. Alirudi na mitamba miwili na kamba. Tulipofika nyumbani aliwafunga, akanawa mikono, akaniuliza kwa Kinyaturu, taratibu, kama bwana mifugo anavyouliza:

"Wale saba wamekufa kwa ugonjwa gani?"

Alifariki miaka minne baadaye, na bado sikuwa nimemjibu.

Ungedhani mtu akishapata kipigo kama hicho anakuwa na adabu. Mimi nilipata kitu kingine. Niliichukia serikali, na kuichukia kwangu kulinistarehesha. Kila uchafu nilioufanya baadaye niliupachika kwake.

Debora, wewe unazijua fedha za serikali kutoka juu, kwenye majedwali. Ngoja nikuonyeshe zilivyo kutoka chini. Bajeti inasomwa, watu wanapiga makofi. Kisha wilayani inakuja karatasi inayoitwa kibali, inasema mnaruhusiwa kutumia kiasi fulani kwa dawa, kiasi fulani kwa barabara, kiasi fulani kwa mishahara. Kibali kinafika, hela yenyewe haifiki. Una ruhusa ya kutumia kitu ambacho hakipo. Ukipiga simu Dar es Salaam wanakuambia subiri. Droo yangu ya kushoto ilikuwa ya vocha zilizokamilika, zina saini zote, zina mihuri yote, na hazina hela.

Ilibidi tukusanye huku huku. Tulikwenda vijijini na mgambo kufuatilia kodi ya maendeleo. Wanaume walikimbilia porini wakisikia mlio wa gari, tukaondoka na kuku wao, na baiskeli, na mara moja mlango wa nyumba, mlango mzima na bawaba zake. Jioni tulihesabu, nikatoa mafuta ya gari na posho za mgambo, na kilichobaki kilitosha mafuta ya safari nyingine. Tulikuwa tunakusanya kodi ili tununue mafuta ya kukusanyia kodi. Nami nikikaa kuandika taarifa ya robo mwaka nilianza hivi: hali ya makusanyo inaridhisha na inatarajiwa kuimarika. Mkuu wangu, Bwana Elisha, aliipenda sana sentensi hiyo. Yeye alikuwa anachukua masurufu ya safari na safari haendi. Siku ya safari alishinda nyumbani kwake amefunga mapazia, ili watu wadhani yuko Dodoma.

Mlango wa biashara ulipofunguliwa nchi nzima, mambo yalibadilika mitaani. Sikuambii zamani kulikuwa kuzuri. Nilipanga foleni ya sabuni mama yako akiwa na mimba yako, nikarudi na sukari ambayo hatukuihitaji kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Sasa maduka yalijaa. Mitumba, redio, mafuta ya kupaka ya kila harufu. Lakini ofisini ukame ulizidi, kwa sababu wakubwa walioikopesha nchi walitaka serikali ipungue, na serikali ikaanza kupungua kwa watu wa chini. Ilikuja orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa. Walikuwemo walinzi, wapishi, wafagizi, wahudumu wa zahanati. Kila mmoja aliahidiwa kiinua mgongo chake mara fungu litakapoingia.

Katika orodha hiyo alikuwemo mhudumu wa zahanati, Mama Zaituni. Kazi yake kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa kuosha wanawake waliojifungua, kufua mashuka yao, na kubeba ndoo za vile vitu ambavyo manesi hawakutaka kuvigusa. Baada ya kupunguzwa alirudi kwao Kintinku, mbali na ofisi yetu. Kila mwezi alidandia lori, akalala kwa watu njiani, akafika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alikaa kwenye benchi nje ya dirisha langu. Alikuwa mkubwa kwangu, kwa hiyo nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vocha yangu ipo?"

"Ipo, mama. Hela ndiyo bado."

"Basi kama ipo, nashukuru."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, karibu miaka miwili. Hakuwahi kupandisha sauti. Mara moja aliniletea kuku, jogoo mwekundu wa kienyeji, amemfunga miguu kwa kipande cha kanga. Nilimwambia, mama, hapana, akaniambia, "Umechoka na sisi, baba, mchukue." Nikampeleka nyumbani. Mama yako alimpika kwa mafuta ya alizeti na wewe ulikula paja, ulikuwa mdogo. Mimi nilikula kifua, na mchuzi nikachovya ugali. Siku hizi nikikumbuka ladha ya mchuzi ule nasikia kutapika, na sitii chumvi mwanangu, nasema jinsi ilivyo.

Wakati huo mjini pale alikuwepo mfanyabiashara, nitamwita Bwana Sefu. Alikuwa na malori mawili na alikuwa ameanza kununua alizeti moja kwa moja kwa wakulima, baada ya ushirika kuwakopa na kushindwa kuwalipa. Mkulima aliyechoka kusubiri aliuza hata stakabadhi ya ushirika, na Sefu alizinunua hizo pia, kwa bei ya kutupa. Siku moja alikuja ofisini, akakaa, akafuta viatu vyake kwa leso.

"Mimi sikuombi hela ya serikali," alisema. "Wengine wanaomba hela. Mimi naomba habari tu."

"Habari gani?"

"Siku fungu la kiinua mgongo likikaribia kuingia, mimi nijue kabla ya wenyewe."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Angezunguka kwa wale waliopunguzwa, angenunua madai yao kwa theluthi, wangemwandikia barua ya kumruhusu achukue malipo yao, na juma linalofuata angelipwa zote. Hakuna sheria niliyoijua iliyovunjwa hapo. Hela ya serikali isingepungua. Vitabu vyangu vingekuwa safi. Nilijiambia hivyo, kisha nikajiambia kwamba serikali ndiyo iliyooza, mimi nimo tu ndani yake kama wengine. Nikakubali.

Habari ilikuja asubuhi moja kwa simu ya upepo, nikainakili kwenye kikaratasi. Fungu la kiinua mgongo limepita, hela itakuwa kwenye akaunti Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilimpelekea Sefu ujumbe. Saa nne, nilipotazama dirishani, Mama Zaituni alikuwa kwenye benchi. Ilikuwa siku yake ya mwezi, amekuja tu kama kawaida.

Nilimkaribisha ndani. Sikuwahi kumkaribisha ndani. Nilimmiminia chai kwenye kikombe changu. Akasema kuna mtu amemfuata kituoni aliposhuka, anataka kununua vocha yake, tena kwa hela taslimu. Akataja bei. Kisha akaniuliza, na maneno haya nayasikia mpaka leo:

"Baba, wewe ndiye unayejua. Nisubiri au niuze?"

Debora, kwenye meza palikuwa na kile kikaratasi cha simu, nimekigeuza uso chini. Mkono wangu ulikuwa juu yake.

Nikamwambia, "Serikali haina hela, mama. Hata mwakani sijui."

Akamaliza chai, akasuuza kikombe kwa maji ya kwenye jagi, akakifunika juu ya sahani. Akasema, "Haya, ahsante kwa kuniambia ukweli." Akaenda kuuza.

Alhamisi hela iliingia. Ijumaa Sefu alisaini mbele yangu kwa niaba ya watu kumi na wanne. Jumamosi lori lake lilishusha mabati nyumbani kwetu, mapya, bado yana mafuta ya kiwandani. Ndiyo hayo yaliyoezeka nyumba hii. Ukisikia mvua usiku ukajifunika vizuri, ulikuwa umelala chini ya kiinua mgongo cha mwanamke aliyebeba ndoo kwa miaka ishirini. Mama yako aliniuliza yametoka wapi, nikamwambia nimekopeshwa. Nilipoacha kazi, serikali ilinipa cheti cha utumishi mwema. Kile kilichokuwa ukutani sebuleni. Ukirudi leo hutakiona, nimekitia jikoni na kimeshaungua.

Kwa hiyo uliposoma ile karatasi, ukasema shida ya serikali inawapa nyinyi nafasi nzuri, mimi sikuwasikia wawekezaji. Nilimsikia Sefu anafuta viatu. Na aliyenikera zaidi ni yule karani mwenye mkono juu ya kikaratasi, maana Sefu angalau hakumwamkia mtu shikamoo kwanza.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimweleza mama yako yote. Siku mbili alikuwa ananiwekea chakula na kuondoka. Siku ya tatu akasema, "Huyo mama yuko hai?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda ukajue."

Jumanne iliyopita ulipodhani nimekwenda kuangalia shamba, nilikuwa Kintinku. Sikupata tabu kumpata. Anauza karanga na mayai ya kuchemsha treni ikisimama. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Anaishi bado kwenye tembe la udongo la wazazi wake, na pembe moja ya paa imeingia ndani. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akapangusa kigoda kwa kanga yake nikae. Nilikataa kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, tangu Sefu mpaka mabati.

Aliendelea kufunga karanga kwenye vijikaratasi, kimoja, kingine, kingine.

Halafu akauliza, "Asubuhi ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Kabla sijafika?"

"Kabla hujafika."

"Na ukanipa chai."

Nilitoa bahasha. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku kucha, nikatoa ile theluthi aliyolipwa, nikaleta theluthi mbili zilizobaki kama zilivyoandikwa kwenye vocha, bila kupunguza senti. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Alizihesabu kwa vidole vyake vilivyopinda, akaziweka kwenye mapaja.

"Hizi leo zinanunua nini?"

Nikafikiri. "Labda mabati matatu, mama. Manne ukipatana."

"Na siku ile zote kwa pamoja zingenunua nini?"

Nilijua jibu, kwa sababu wote waliopunguzwa walikuwa wanaisema ndoto hiyo hiyo pale kwenye benchi. "Nyumba. Vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, na bati juu."

"Basi umeniletea karatasi," alisema. "Mimi sitaki karatasi. Nataka nyumba."

Alisema kwa sauti ile ile ya kuulizia vocha. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Nikasema, sawa, mama. Akaniuliza lini. Nikasema tutaanza mwezi huu. Akasema, "Ukisema mwezi huu, niandikie." Nikaandika kwenye kijikaratasi cha karanga, nikasaini, akakitia kifuani. Kisha treni ililia mbali, akabeba beseni lake akaondoka, hakuniaga.

Sasa nimefika kwenye jambo linalokuhusu, na ndilo lililonifanya nianze kuandika badala ya kukuita tuzungumze, kwa sababu uso wako ningeshindwa kuuangalia.

Hela tuliyokuwekea kwa ajili ya kuanzia maisha haipo. Kodi ya chumba ya miezi sita, kitanda, godoro, jiko la mafuta ya taa, yote. Ijumaa nilimpelekea hela hiyo fundi wa Kintinku, kwa msingi na matofali ya nyumba ya Mama Zaituni. Mama yako alikubali, ila alisema nikuambie mwenyewe na nisimtume. Dar es Salaam utafikia kwa baba yako mdogo kule Tandika. Nimemwandikia. Utalala chumba kimoja na watoto wake wanne, utapanga foleni ya bafu, na utaingia benki asubuhi na nguo uliyopiga pasi kwenye mkeka. Wenzako watakuwa na vyumba vyao. Mshahara wako wa kwanza utakwenda kwenye vitu ambavyo baba yako alikuahidi. Nakuomba radhi. Nimekuchukulia kilicho chako bila kukuuliza, na sina haki ya kukuambia usikasirike.

Mabati nayo nitayashusha mvua zikiisha, yakaezeke nyumba yake. Mama yako na mimi tutahamia vyumba vya nyuma vya nyasi. Hatutakufa.

Sikukatazi kazi yako, mwanangu. Ulisoma kwa taabu, na najua kuwa hesabu zinakupa raha kama zilivyonipa mimi. Serikali itaendelea kukopa, na ni bora anayehesabu awe mtu mwenye akili kama yako. Pengine huu mnada wenu ni mzuri kuliko ule mtindo wa kuandika hela zisizokuwepo uliomlia babu yako ng'ombe saba. Sijui. Mwelekeo wa soko lenu siujui. Ninachojua ni kwamba mkisema serikali ina shida, hiyo shida haikai Hazina. Inateremka ngazi kwa ngazi mpaka inafika kwa mtu aliyekaa kwenye benchi, na huyo hana karatasi inayomwambia lini. Wewe utakuwa nayo. Ipo siku mtu wa namna hiyo atakuuliza swali, na jibu litakuwa chini ya kiganja chako. Sitakuambia ufanye nini. Mimi nimekuambia nilichofanya.

Jua linaelekea kuzama, nasikia watoto wa jirani wanarudisha mbuzi, na nyinyi mtafika muda wowote. Mwanzo nilitaka nikupe barua hii kesho alfajiri uisome safarini. Nimeona huo ni ujanja mwingine, maana aliye ndani ya basi hawezi kumuuliza kitu aliyebaki kituoni. Naiweka sasa hivi juu ya begi lako, uione ukiingia. Mimi nitakuwa nje nakata kuni. Ukitaka kuniuliza, njoo uniulize lolote, nitakujibu. Ukikaa kimya, kesho nitakuja kituoni hivyo hivyo, nitakubebea begi mpaka mlangoni mwa basi, na sitakulazimisha kuniamkia.

Baba yako